Je, Wajua? Hoja ya Shule Iliyoitikisa Wales

Je, wajua kwamba mbunge aliyewatakia mema watoto wa Wales ndiye aliyefungua mlango wa tusi lililowauma Wawelisi kwa vizazi? William Williams, mzaliwa wa Llanpumsaint huko Wales, alikuwa mbunge wa Coventry, mji wa Uingereza. Machi 1846 alisimama bungeni London akaomba uchunguzi wa hali ya elimu Wales, hasa nafasi ya wafanyakazi wa kawaida kujifunza Kiingereza.

Serikali ikatuma wanasheria watatu Waingereza. Hakuna hata mmoja aliyejua Kiwelisi! Watoto wengi hawakuwa na lugha nyingine, nao mara nyingi waliulizwa maswali kwa Kiingereza. Wakanyamaza, na ukimya wao ukahesabiwa kuwa ujinga. Ripoti ya 1847, juzuu tatu zenye majalada ya buluu, ilifichua madarasa mabovu na walimu wasio na mafunzo, na hilo lilistahili kusemwa. Lakini ilivuka mpaka: ikailaumu lugha yenyewe, ikawashutumu Wakristo walio nje ya Kanisa la Anglikana, ikawavunjia heshima hata wanawake.

Hasira ikawaka. Mwaka 1854 Robert Jones Derfel aliandika tamthilia ambayo jina lake, Usaliti wa Vitabu vya Buluu, limeiganda ripoti hiyo mpaka sasa. Leo Kiwelisi, lugha ile ile iliyolaumiwa, ni somo la lazima katika shule za umma za Wales hadi mwanafunzi afikishe miaka 16.