Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kazi ya Hospitali ya Mifupa ya Watoto, Kijabe

Wazee wetu walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii tumeisoma darasani mara nyingi, na kwa kawaida twaifasiri kuwa ni habari ya malezi: mtoto afunzwe adabu angali mdogo. Lakini iko kazi moja ambayo methali hii yaieleza neno kwa neno, bila fumbo lolote. Nayo ni kazi ya kunyosha mifupa ya watoto. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, nikitoa mfano wa hospitali moja ya nchi yetu, Hospitali ya CURE ya Kijabe. Ningependa wasomaji wajue mambo mawili. La kwanza ni kwamba miguu mingi iliyopinda hunyoka. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi kwa kisu, wala haifanywi na daktari.

Kijabe iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, kaskazini-magharibi ya Nairobi. Jina lake husemwa kuwa latokana na neno la Kimasai lenye maana ya upepo, na mtu aliyewahi kusimama kule asubuhi ya mwezi wa Julai hatabisha. Hospitali ya misheni imekuwapo hapo tangu mwaka 1915. Hospitali tunayoizungumzia ni nyingine, changa zaidi, iliyo jirani na ile kongwe. Ilifunguliwa mwaka 1998. Asili yake ni safari ya daktari mmoja wa mifupa kutoka Marekani, Scott Harrison, ambaye mwaka 1986 alikwenda Malawi kufanya upasuaji. Huko aliwaona watoto wenye vilema vinavyotibika, lakini hapakuwa na wa kuwatibu. Mwaka 1996 yeye na mkewe, Sally, walianzisha chama cha CURE, na Kijabe ikawa hospitali ya kwanza ya chama hicho.

Elimu ya kutibu mifupa na viungo ilipewa jina mwaka 1741 na daktari Mfaransa, Nicolas Andry. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "-nyofu" na la pili lenye maana ya "mtoto". Katika kitabu chake aliweka picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kamba kwenye nguzo iliyonyoka ili ukue ukiifuata. Hata leo vyama vingi vya madaktari wa mifupa duniani hutumia picha hiyo kuwa alama yao. Tazama basi: Mfaransa alisema mti, wazee wetu walisema samaki, na maana ni moja.

Kwa nini mfupa wa mtoto hukubali kunyoshwa? Sababu ni kwamba haujawa mfupa kamili. Sehemu kubwa ya wayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu, kitu laini kama kile tunachokihisi tukishika sikio. Kadhalika, karibu na ncha za mifupa mirefu pana tabaka jembamba la gegedu ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Tabaka hilo huendelea na kazi yake mpaka mwisho wa ujana, kisha hugeuka kuwa mfupa mgumu, na kimo cha mtu hukoma. Maadamu gegedu ingalipo, mfupa hufuata njia unayoelekezwa. Ukielekezwa vibaya hukua vibaya, na ukielekezwa vizuri hukua vizuri.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni mguu kifundo. Mtoto huzaliwa wayo wake mmoja, au zote mbili, zimepinda kwa ndani na kuelekea chini, hata akija kusimama atakanyaga kwa ubavu wa mguu au kwa mgongo wa wayo. Hali hii humpata mtoto mmoja au wawili katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, na wavulana huwazidi wasichana karibu mara mbili. Si laana, si kijicho cha jirani, wala si adhabu kwa kosa la mama. Hutokea katika mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini.

Zamani madaktari wengi waliutibu mguu huu kwa upasuaji mkubwa. Mguu ulinyoka, lakini aghalabu mtu alipokuwa mzima ulikakamaa na kuuma. Aliyeleta njia nyingine ni Daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, na kufanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliichunguza mifupa na kano za wayo, akaona kwamba zaweza kunyoshwa kwa mkono, kidogo kidogo, bila kupasuliwa. Kwa miaka mingi ni madaktari wachache tu waliomfuata. Alipofariki mwaka 2009, njia yake ilikuwa imekwisha kuenea duniani, Kijabe ikiwamo. Hatua zake ni hizi:

(1) Mtoto huletwa mapema, ikiwezekana katika wiki za kwanza za maisha yake. Daktari huushika wayo na kuusogeza polepole kuelekea mahali pake, mpaka pale unapokubali kufika siku hiyo, asiulazimishe kupita hapo.

(2) Mguu hufungwa plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka pajani, ili wayo ubaki pale ulipofikishwa. Baada ya wiki moja plasta huondolewa, wayo husogezwa tena kidogo, na plasta mpya hufungwa. Kwa kawaida plasta tano mpaka nane hutosha.

(3) Watoto wengi huhitaji kukatwa ukano ulio nyuma ya kisigino, kwa sababu ni mfupi na huzuia kisigino kushuka. Kazi hii ni ndogo, na huchukua dakika chache. Kisha hufungwa plasta ya mwisho ya wiki tatu, na ukano hujiunga wenyewe ukiwa mrefu zaidi.

(4) Mtoto huvikwa viatu maalumu vilivyounganishwa na fimbo ya chuma, vikiielekeza miguu nje. Kwa miezi mitatu huvivaa karibu saa zote za mchana na usiku. Baadaye huvivaa wakati wa kulala tu, mpaka afikishe umri wa miaka minne au zaidi.

Msomaji na ahesabu. Hatua tatu za kwanza hazizidi miezi mitatu hivi. Hatua ya nne ni ya miaka. Tena haifanyiki hospitalini, bali nyumbani, na mfanyakazi wake ni mama, baba, nyanya au dada mkubwa. Kila usiku mtoto ni lazima avikwe viatu vyake, hata akilia, hata taa ikiwa imezimika, hata wageni wakiwa wamejaa nyumba. Mguu sasa umenyoka na mtoto anatembea, basi majirani husema, "Huyu amekwisha kupona, mbona mnamtesa?" Mzazi akisikiliza maneno hayo na kuviweka viatu juu ya kabati, wayo huanza kurudi ulikotoka, kwani mwili bado haujasahau njia yake ya kwanza. Ndiyo maana wauguzi hutumia muda mwingi kuzungumza na wazazi. Kazi nzuri ya daktari yaweza kupotea kwa sababu ya usiku uliorukwa, mmoja baada ya mwingine.

Mguu kifundo si maradhi pekee yanayotibiwa Kijabe. Wako watoto wenye matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D au madini ya kalisi, ambayo hufanya mifupa iwe laini na kupinda chini ya uzito wa mwili. Wako walioingiwa na usaha ndani ya mfupa, waliovunjika wakaungwa vibaya, na walioungua moto hata ngozi ya kovu ikakunja kiungo kisiweze kunyoka. Kwa mtoto mkubwa plasta peke yake haitoshi. Yawezekana mfupa ukatwe, unyoshwe, kisha ushikwe kwa vyuma mpaka uungane. Ikiwa bado anakua, daktari aweza kukifunga kibati kidogo cha chuma upande mmoja wa lile tabaka la gegedu. Upande uliofungwa husimama, upande wa pili huendelea kukua, na mguu hunyoka wenyewe kwa muda wa miezi. Hata hapa daktari hatumii nguvu, hutumia ukuaji wa mtoto mwenyewe.

Sasa huenda mtu akauliza: gharama hizi zote hulipwa na nani? Hospitali ya namna hii huitwa hospitali isiyotafuta faida. Maana yake si kwamba haitumii fedha. Madaktari na wauguzi hulipwa mshahara, na dawa, umeme na vyuma hununuliwa. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye hisa anayegawiwa faida mwisho wa mwaka. Kinachobaki hurudi kazini. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wafadhili na makanisa. Chama hichohicho kilifungua hospitali nyingine mjini Blantyre, Malawi, mwaka 2002, na huko imetumika njia ya kufaa sana. Watu wazima wenye uwezo hulipia matibabu yao, mathalan wale ambao gegedu ya nyonga au goti imelika na wakawekewa kiungo cha chuma na plastiki ngumu. Malipo yao husaidia kugharimia watoto. Kwa hiyo mzee aliyepata nyonga mpya amemsaidia mtoto asiyemjua apate mguu mnyofu.

Hata hivyo, kwa mzazi wa mbali kizuizi cha kwanza mara nyingi si ada ya hospitali. Ni nauli ya kuja kila wiki, ni siku za kazi ya shamba zinazopotea, ni watoto wengine waliobaki nyumbani. Kwa sababu hiyo madaktari wa Kijabe husafiri pia kwenda miji ya mbali kufanya kliniki, kuwachunguza watoto na kuwafuatilia waliokwisha kutibiwa. Hospitali hiyo pia hufundisha madaktari wa upasuaji wa mifupa, kwani daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuwafikia watoto wote wa nchi.

Kizuizi cha pili ni aibu, na hiki hakihitaji fedha kukiondoa. Wako watoto wanaofungiwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Mtoto wa namna hiyo hapelekwi kliniki, na baadaye hapelekwi shule, kwa kuwa shule iko mbali na miguu yake haiwezi. Wiki zikawa miaka, gegedu ikawa mfupa, na kilema kilichoweza kutibiwa kwa plasta sasa chataka chumba cha upasuaji, vyuma na kitanda cha wiki nyingi. Samaki amekauka. Lakini hata hapo nasema wazi: msikate tamaa. Mtoto mkubwa husaidika pia, ila kwa shida zaidi na kwa gharama zaidi.

Basi sisi wanafunzi tufanye nini? Si wengi wetu watakaokuwa madaktari wa mifupa, lakini kila mmoja wetu hurudi nyumbani wakati wa likizo. Tukimwona mtoto mchanga mwenye mguu uliopinda, tumwambie mzazi wake kwa heshima kwamba jambo hili linatibika, na kwamba aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu aulize kliniki ya mguu kifundo. Tusiseme mbele za watu, wala tusimwonyeshe mtoto kwa kidole. Na kama katika nyumba zetu yuko mtoto anayevaa viatu vya fimbo usiku, tumsaidie mama kumvika, tena tusiwe miongoni mwa wale wanaosema, "Mvueni, amekwisha kupona."

Mtoto aliyenyoshwa miguu kabla ya kutimiza mwaka hakumbuki plasta hata moja. Viatu vya usiku pengine huvikumbuka kidogo, kama mtu anavyokumbuka ndoto. Atakimbia, atacheza mpira, atatembea maili zake kwenda shule, na siku moja ataingia shule ya sekondari bila mtu yeyote kujua kwamba palikuwa na jambo. Wanaojua ni wazazi wake tu, waliohesabu zile siku za usiku.