AC ya boksi moja Mji Mkongwe: kununua ni rahisi, kazi iko ukutani

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Disemba mpaka Machi, maswali ninayoletewa ni yale yale. Lip bamu zimeyeyuka, chokoleti zimetoka weupe, mteja karudisha kopo la siagi ya shea kwa sababu limekuwa mafuta matupu. Na swali linaishia hivi: "Nimeona AC ya boksi moja, bei nzuri, niichukue?"

Tuelewane kwanza ni ipi hiyo. AC ya boksi moja ni ile ambayo kompresa, feni na gesi vyote vimo ndani ya mwili mmoja. Haina lile boksi la pili la nje linalounganishwa kwa mabomba ya shaba. Huku kwetu tunaziona za aina mbili: ya dirishani, na ya magurudumu yenye bomba nene la kutolea joto. Watu wanazipenda kwa kuwa zinaonekana kama friji, unachomeka tu basi. Mie si fundi wa chuo, haya nimeyapata kwa kuwasimamia mafundi, kuwauliza maswali mpaka wakanichoka, na kusoma vile vitabu vinavyokuja ndani ya boksi ambavyo wengi tunavitupa.

Kabla ya pesa kutoka, jiulize kama mzigo wako unahitaji AC kweli. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, hayo hata ukiwa na AC utahangaika. Mwandikie mteja tu kwamba yakiganda au yakiyeyuka ni mafuta yale yale. Manukato na udi vinataka giza na ukavu, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Chokoleti mbili tatu za zawadi zinaingia kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa vizuri. AC ina maana kwa mwenye chumba kizima cha vipodozi, keki au chokoleti. Na hapo hesabu umeme: AC ya BTU 9000 inakula karibu wati 900, kwa hiyo kompresa ikifanya kazi saa 8 bila kupumzika ni uniti 7 hivi kwa siku. Angalia Tukuza yako unaweka kiasi gani kwa wiki, halafu uamue.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana hapa ndipo Mji Mkongwe unapotofautiana na Fuoni.

AC ya dirishani ina matundu ubavuni, kushoto na kulia. Kupitia matundu yale inavuta hewa ya nje ya kupoza kompresa, kisha joto linatokea nyuma. Matundu yote hayo lazima yawe nje, yapate hewa. Nyumba ya Fuoni au Mwanakwerekwe ukuta wake ni tofali la inchi 6. Unaweka AC, mgongo unatokeza nje, matundu yanapumua, mambo safi. Lakini nyumba ya Kiponda au Mkunazini ukuta wake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Ukiisukuma AC humo, matundu yanazikwa ukutani. Mashine inavuta joto lake yenyewe, kompresa inachemka, inajizima, inawaka, inajizima. Mwenyewe unadhani gesi imeisha, kumbe imezibwa pua.

Fundi mwengine atakwambia tuisogeze nje zaidi, tuiwekee mkono wa chuma. Fikiria vizuri. Hiyo ni mashine ya kilo 30 na ushei, inaning'inia juu ya kichochoro ambacho watoto wa chuoni wanapita na kofia zao kila alasiri. Misumari ya upanuzi haishiki kwenye chokaa kama inavyoshika kwenye saruji, ukuta unamung'unyika taratibu na bolti inalegea. Ongeza upepo wa chumvi: Shangani na Malindi chuma cha kawaida kinaota kutu haraka sana. Mimi msimamo wangu ni kwamba kwenye nyumba ya kale AC ya dirishani usiiweke kabisa. Kuna watakaonibishia, sawa.

Halafu ukuta wenyewe si wako. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadilisha sura ya nje ya nyumba kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Juu ya hapo mwenye nyumba ana neno lake, na kama ni nyumba ya Wakf basi Kamisheni ya Wakf nayo ina neno lake. Kutoboa ukuta kwa sababu fundi alikuwa na nafasi Ijumaa baada ya sala si ruhusa. Na kile cha kukata nondo za dirisha ili boksi lipite, ndugu yangu, umemfungulia mwizi njia ya kuingia kwenye mzigo wako.

Inayofaa zaidi kwa mpangaji wa mjini ni ile ya magurudumu. Haitoboi kitu. Lile bomba lake la joto unalipitisha dirishani: unakata ubao wa plaiwudi kwa kipimo cha nafasi ya dirisha, unatoboa duara la bomba, ubao unakaa ndani ya nondo na milango ya dirisha inabaki salama. Siku ya kuhama unaondoa ubao, nyumba iko vile vile. Bomba liwe fupi na lisikunjwekunjwe. Liishie nje kweli, si ukumbini wala kwenye ngazi za jirani, maana utamchemsha mwenzio na joto litakurudia mlangoni. Ila ujue ubaya wake: yenye bomba moja inatoa hewa ya chumbani nje, kwa hiyo hewa ya moto ya ukumbini inaingia kupitia chini ya mlango na kila upenyo. Ziba chini ya mlango kwa kitambaa kizito. Ukiipata ya mabomba mawili, chukua hiyo.

Maji nayo wengi hawayafikirii. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na AC ya ukubwa huu inaweza kutoa lita nzima kwa saa siku ya unyevu mkali. Maji hayo yataenda wapi? Ya dirishani inalazwa nyuma chini kidogo, sentimita moja hivi, upime kwa pimamaji, na maji yapelekwe kwa mpira mpaka pahala panapofaa, siyo yadondoke ukutani. Kwa ya magurudumu kuna ndoo au mpira. Kama chumba kiko ghorofani, chini yake kuna boriti na udongo, na maji yakizama humo boriti zinaoza kimya kimya. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Sisemi ilikuwa AC, hapana. Nasema tulioona siku ile tunajua majengo haya hayataki mzaha.

Umeme sasa. Jirani mmoja anayeuza keki aliniita nione plagi yake, imekuwa rangi ya kahawa iliyoungua na soketi imejikunja. AC ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji na chaja za simu tatu. Mungu alimlinda tu. Chumba kilikuwa kimejaa maboksi ya karatasi mpaka juu, na nyumba zile tunashirikiana dari.

AC isitumie ekstensheni. Ikiwaka ya BTU 9000 inavuta amperi 4 hivi, inaonekana kidogo, lakini kompresa ya kawaida inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa nukta chache, na inaanza mara nyingi kwa siku. Inataka soketi yake peke yake, waya wa milimita 2.5 unaotoka moja kwa moja kwenye sakiti breka yake, na ethi. Rudia tena: ethi. Nyumba nyingi za kale soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya wowote. Mwambie fundi umeme aipime mbele yako. Akiweka na ile breka inayokata umeme ukivuja, mafundi wanaiita RCD, ni bora zaidi, kwa sababu hapa umeme na maji viko pamoja. Nyaya za nyumba zikiwa zimechoka, anza na nyaya, AC itasubiri. Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa plagi kwa mkono mkavu. Uvuguvugu sawa. Ikichoma, zima, usiendelee mpaka fundi arudi.

Umeme ukikatika, zima AC kwa swichi yake. Ukirudi, subiri dakika tano ndiyo uwashe, kompresa ipumue. Kidude cha kulinda friji kinasaidia, lakini soma amperi zake, vile vidogo vya friji vingine havimudu AC. Na tafadhali, anayewasha jenereta asiiweke ukumbini wala uani kulikozibwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Mbili tatu kuhusu gesi. AC ya boksi moja inatoka kiwandani imeshajazwa na kufungwa. Fundi anayefungua boksi jipya akasema "tuongeze gesi" mlipe nauli yake aende. Kama imesafiri kwenye boti kutoka Dar ikiwa imelazwa ubavu, isimamishe, uiache mpaka kesho ndiyo uiwashe. Nyingi za magurudumu zina gesi inayoandikwa R290. Hiyo ni propani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, inawaka. Kibandiko kinasema chumba kisiwe kidogo kuliko kiasi gani, kiheshimu. Chetezo chenye makaa ya udi kisikae karibu nayo, wala usitoboe kitu nyuma yake. R32 nayo inashika moto, ingawa si kwa wepesi huo.

La mwisho ni kwa nyinyi mnaoziuza hizi AC za mitumba. Piga picha kibandiko cha nyuma na ukiweke kwenye tangazo. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na mzigo wa Dubai au Oman kwa kawaida unakubaliana nao. Lakini kwenye makontena inaweza kuja ya Marekani ya volti 115, au ya Japani ya volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu, imekufa hapo hapo, au imewaka moto. Andika volti, BTU, aina ya gesi, kama plagi ni ya pini tatu, na kama bomba la joto lipo, maana mtumba mwingi wa magurudumu unakuja bila bomba na bila hilo bomba hiyo si AC, ni hita. Mteja wa Paje akiuliza kama itamfaa, muulize ukuta wake ni wa nini kabla hujamtumia namba ya malipo.