Bohari si stoo tu: Msamiati wa ugavi katika mchezo wa vita

JUMA lililopita, kijana mmoja anayependa michezo ya kompyuta alinijia na lalama. Alikuwa akiwaeleza wenzake kwa Kiswahili jinsi ya kucheza War in the East 2, mchezo uliotolewa mwaka wa 2021 kuhusu vita kati ya Ujerumani na Muungano wa Kisovieti vilivyoanza Juni 22, 1941. Kila jengo aliliita “stoo” na kila tendo “kusambaza”. Wenzake wakachanganyikiwa. “Mwalimu, ama Kiswahili hakina maneno?” akaniuliza.

Maneno yapo. Kinachokosekana ni kutenganisha dhana.

Katika mchezo huo, shehena hutoka kwenye vyanzo vya taifa vilivyo mbali nyuma, husafirishwa kwa reli na kushushwa kwenye vituo maalumu. Kutoka hapo, malori huipeleka kwa vikosi. Kila kituo hupewa kiwango cha kipaumbele, kuanzia 0 hadi 4. Mchezaji mgeni huweka 4 kila mahali akidhani amewajali askari wake wote. Kumbe shehena ni ile ile na reli ni ile ile! Kila kituo hupata kidogo, na vifaru alivyotaka visonge mbele hukwama kwa kukosa mafuta. Mshika mbili moja humponyoka.

Isitoshe, jeshi likienda mbali na vituo vyake, malori huchakaa njiani. Kusogeza vituo mbele kunahitaji reli, na hapo historia inaingia: reli za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524 ilhali za Ujerumani zilikuwa 1,435. Wajerumani walilazimika kuzibadilisha kadiri walivyosonga, na mchezaji naye hana budi kusubiri mafundi wake.

Sasa turudi kwa maneno. Ghala ni mahali pa kuhifadhia vitu, hata mahindi ya mkulima. Bohari pia ni ghala kubwa, lakini matumizi yameipa wajibu wa ziada: ni mahali ambapo vitu hupokelewa ili vigawiwe wengine. Tanzania hutumia jina Bohari ya Dawa kwa maana hiyo hiyo. Kituo cha mchezo wetu basi ni bohari.

Ugavi umetokana na kitenzi “gawa”. Humo mna uamuzi: nani apate, nani asubiri. Kusambaza ni kueneza tu, na ndiyo sababu neno hilo lilimpotosha kijana wetu. Aliyeweka 4 kila mahali alisambaza, hakugawa. Uchukuzi, kutokana na “chukua”, ni kazi ya garimoshi na lori. Mambo haya yote yakiunganishwa katika mpango mmoja, tunaweza kusema lojistiki, au “ugavi na uchukuzi” kwa asiyetaka neno la mkopo.

Tusidhani msamiati huu ni mgeni kwetu. “Posho”, ambayo wengi siku hizi huielewa kama unga au marupurupu, ilikuwa chakula walichopimiwa wapagazi na askari safarini. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbung’o waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo mzigo ukawekwa vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Posho ilipochelewa, aliyebeba chakula cha wengine alilala njaa.

Katika mchezo, bohari tupu ni tarakimu tu kwenye skrini, na unaweza kuanza upya. Wapagazi wale hawakuwa na nafasi hiyo. Nilimwambia kijana akawafunze wenzake kugawa, wala si kusambaza tu.