Kabla ya kumjengea kinyonga nyumba, soma haya

Likizo ya Agosti mpwa wangu wa miaka 11 alipanda kutoka Mombasa kuja kunitembelea hapa Maua, mji wa miraa ulio kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Siku ya tatu alirudi kutoka kwenye ua wa jirani akiwa ameshika kijiti, na juu yake kinyonga wa kijani mwenye pembe tatu usoni. Watoto wa hapa walikuwa wamemkimbia, maana kinyonga huogopwa sana. Yeye alikuwa anacheka.

"Mjomba, huyu tumjengee nyumba," akaniambia.

Mfano alikuwa nao kwenye simu: video ya kijana wa Ulaya akimtengenezea sanduku mjusi wa manjano mwenye madoa meusi, anayeitwa lepadi geko, yaani mjusi chui. Nilikuwa na mabaki ya mbao, wavu wa kuku na bawaba mbili. Nikakubali bila kufikiri. Nyumba hiyo haikumpata mpangaji yule, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu najua watoto wengi wanatazama video hizo hizo.

Tuanze na mjusi chui. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ni jamaa wa mjusi kafiri tunayemwona ukutani Pwani, lakini wana tofauti mbili kubwa. Mjusi kafiri hana kope, hulamba macho kwa ulimi kuyasafisha. Mjusi chui ana kope na hufumba macho akilala. Mjusi kafiri hupanda ukuta hadi dari. Mjusi chui hana vidole vya kunata, kwa hiyo hawezi kupanda kioo. Ndiyo maana sanduku lake ni rahisi. Linatosha la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Upande mmoja huwekwa joto, sakafu yake ifike nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi, na upande wa pili ubaki na ubaridi wa nyuzi 22 hadi 26, ili mnyama achague mwenyewe. Joto hilo lazima lisimamiwe na themostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha chenyewe, la sivyo mjusi huungua tumbo. Ndani huwekwa maficho matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na moja lenye karatasi laini iliyoloweshwa, limsaidie kujivua ngozi. Chakula chake ni nyenje waliopakwa unga wa kalisi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Jambo la msingi ni kwamba wale wanaouzwa Ulaya na Marekani wengi wamezaliwa kwenye masanduku, na wazazi wao vivyo hivyo.

Sasa tumtazame mgeni wetu. Yeye ni kinyonga wa Jackson, mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya na sehemu za Tanzania, na Nyambene ni kwao. Dume ndiye mwenye pembe tatu kama za kifaru. Jike hatagi mayai kama kinyonga wa Pwani, ambaye huchimba shimo na kuyafukia. Huyu huzaa watoto wakiwa hai. Wataalamu hueleza kuwa udongo wa milimani una baridi mno kwa mayai, hivyo mama huyabeba tumboni na kuyapa joto kwa kuota jua.

Nilipoanza kupima mbao ndipo matatizo yakajitokeza moja baada ya jingine. Sanduku la kioo halimfai, kwa sababu anahitaji hewa inayopita. Maji ya bakuli mara nyingi hayatambui kuwa ni maji. Hunywa matone ya umande na mvua kwenye majani. Sanduku lenye joto usiku na mchana litamdhoofisha, kwani amezoea mchana wa vuguvugu na usiku wa baridi. Anahitaji pia jua lenyewe, kwa sababu miale yake huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa hulainika na kupinda. Na hapendi kushikwashikwa wala kukaa na mwenzake. Wasiwasi peke yake humfanya aache kula.

Wakati nikiwaza hayo, kijana alikuwa amemweka kwenye mtungi wa kioo na kuuacha dirishani, juani. Baada ya muda mfupi akaniita kwa sauti ya kulia. Kinyonga alikuwa amekuwa mweupe, kinywa wazi, anahema. Tulimtoa haraka, tukamweka kivulini kwenye tawi na kumnyunyizia maji majani ya jirani yake. Alichukua karibu saa nzima kurudisha rangi yake. Kijana hakusema neno.

Jioni nikamweleza upande wa sheria, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau kwa furaha ya kupiga misumari. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na haisemi tembo na simba tu. Mwezi Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne kwa kukamatwa na chungu walio hai: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 gerezani. Ikiwa chungu ana thamani hiyo, kinyonga je?

Isitoshe, huyu kinyonga ana historia ya kuchukuliwa. Mwaka 1972 kundi dogo lilisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa ajili ya duka la wanyama. Walifika wamechoka, wakaachiliwa bustanini wapate nguvu, wakatawanyika. Leo wameenea visiwani huko, wakila wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani kwingine. Kumhamisha mnyama mmoja kunaweza kuumiza nchi mbili.

Asubuhi tulimrudisha kwenye ua ule ule alikotolewa, si kwenye ua mwingine, kwa kuwa pale anajua kivuli, maji na nzi walipo. Jirani alisimama mbali akitazama. Kijana akamwambia kwamba hana sumu na kwamba anamlia wadudu wa shambani bila malipo. Jirani aliahidi kutoukata ua huo mpaka mvua zipite. Kwa siku nane zilizobaki mpwa wangu alikwenda kila asubuhi na daftari, akiandika saa na rangi. Mara mbili hakumpata.

Mzazi ambaye mtoto wake anataka mnyama, mpe sungura au kifaranga. Walio ng'ambo wakitaka mjusi chui, wanunue aliyezaliwa kwa mfugaji, na watengeneze sanduku kwanza kabla ya kumleta nyumbani. Ukikuta mnyamapori aliyejeruhiwa, usimfiche. Piga simu ofisi ya KWS iliyo karibu nawe.

Mbao zetu hazikupotea. Tuliinua sakafu ya kibanda, tukakiezeka bati na kugeuza mlango uangalie mashariki, upate jua la asubuhi, maana ukungu wa Maua mwezi wa nane si mchezo. Wamo vifaranga sita, na kila Jumapili napigiwa simu kutoka Mombasa kuulizwa kama wote wangalipo.