Chai ya Kericho: Mnunuzi huhama, mchai hauhami

Anayenunua pakiti ya majani chai dukani London au Karachi aghalabu hajui yametoka shamba gani. Pakiti moja huweza kuwa na majani ya nchi kadhaa yaliyochanganywa, na mwenye chapa ndiye huamua ya nani yaongezwe na ya nani yapunguzwe. Kwa wakulima na wachumaji wa Kericho na Bomet, uamuzi huo unagusa riziki moja kwa moja.

Suala hilo lilipata uzito mpya Mei 2024, kampuni ya Lipton Teas and Infusions ilipotangaza kuyauza mashamba yake ya Kenya, Tanzania na Rwanda kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Mwaka 2023 Browns ilikuwa imekubaliana kuinunua James Finlay Kenya, kampuni nyingine kongwe ya Kericho. Chapa ya Lipton iliendelea kuuzwa madukani, lakini mwenye chapa aliamua kuachana na kazi ya kulima.

Mtindo huo unajulikana pia katika biashara ya chipu za kompyuta. Kampuni ya Apple ya Marekani hubuni chipu za simu na kompyuta zake, lakini haina kiwanda cha kuzitengeneza. Kazi hiyo hufanywa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Upungufu wa chipu ulioikumba dunia kuanzia mwaka 2020, pamoja na mvutano kati ya China na Taiwan, uliwafanya wateja na serikali kuona hatari ya kutegemea kisiwa kimoja. TSMC ikajenga viwanda vingine Kumamoto, Japani, kilichofunguliwa Februari 2024, na katika jimbo la Arizona, Marekani.

Kericho yenyewe ni zao la hesabu kama hiyo. Katika miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay, zilizokuwa na mizizi katika chai ya India na Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, zilifungua mashamba Kericho. Mvua za mwaka mzima, udongo mwekundu na baridi ya nyanda za juu viliwavutia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitwaliwa na wakoloni kutoka kwa jamii ya Wakipsigis na Watalai, na madai ya fidia yangali yanasikika.

Tofauti kubwa kati ya chipu na chai iko katika gharama ya kuhama. Kiwanda cha kisasa cha chipu hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kujengwa, hivyo mteja hawezi kukihama kwa urahisi. Katika chai, mzigo huo humwangukia mkulima. Mchai huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa, kisha huishi miongo mingi papo hapo. Mnunuzi, kwa upande wake, akifika katika mnada wa Mombasa hukuta chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania, Burundi na kwingineko. Bei ya Kericho isipomridhisha, hununua ya jirani.

Shinikizo la bei hilo halimwachi mchumaji. Makampuni makubwa yameingiza mashine za kuchuma ili kupunguza gharama, na Mei 2023 waandamanaji walizichoma baadhi yake Kericho wakilalamikia kupotea kwa kazi. Wakulima wadogo, ambao huuza majani mabichi kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA kama vile Litein, Momul na Kapkoros, nao hulalamika kwamba bonasi yao huwa chini ya ile ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, ambao chai yao hupata bei nzuri zaidi mnadani.

Iwapo mnunuzi hutawanya mahali anaponunua, mkulima naye hana budi kutawanya mahali anapouza. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, ikifuatwa na wengine wachache kama Misri na Uingereza. Hatari yake ilionekana Machi 2025, Sudan, mnunuzi wa miaka mingi, ilipopiga marufuku bidhaa za Kenya kutokana na mzozo wa kisiasa. Mkulima wa Bomet hakuhusika katika mzozo huo, lakini soko lake lilifungwa.

Njia mojawapo ni kubadili aina ya chai. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya husagwa na kuwa chembe ndogo nyeusi zinazofaa kwa mifuko na michanganyiko, na ndiyo sababu ni rahisi kuibadilisha na ya nchi nyingine. Baadhi ya viwanda vimeanza kutengeneza pia chai ya majani yaliyosokotwa, inayotafutwa na masoko tofauti, na watafiti wa Kenya wametoa mchai wa zambarau.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Chai ya kusaga itaendelea kulipa karo za watoto wa Kericho na Bomet. Lakini chai inayotambulika kwa jina la mahali ilikotoka ni vigumu zaidi kuibadilisha ndani ya pakiti, na hapo ndipo mkulima asiyeweza kuhamisha shamba lake atakapopata sauti mbele ya mnunuzi.