Masikio Yanapouma kwa Mashine ya Kupumulia Usiku

Kukatika kwa pumzi usingizini hutokea koo linapolegea na kuziba, aliyelala akakosa hewa kwa sekunde kadhaa, kisha akagutuka akihema. Tiba yake kuu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi hadi asubuhi. Daktari Colin Sullivan wa Sydney na wenzake waliieleza katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kwa Mundika, Busia na Malaba, wanakopita madereva wa malori ya kwenda Uganda, tiba hii ina uzito wa pekee: dereva asiyelala vizuri husinzia kwenye usukani. Ndiyo maana inasikitisha mtu anapoifungia mashine kabatini kwa sababu ya masikio, ilhali maumivu hayo mara nyingi hutibika.

Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa, nyuma ya ngoma ya sikio. Mrija mwembamba, mrija wa Eustachi, hukiunganisha na sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua. Kwa kawaida umefungwa. Hufunguka mtu akimeza mate au akipiga miayo. Aliyevaa barakoa akimeza, hewa ya mashine huingia humo na kuisukuma ngoma kuelekea nje. Shinikizo lenyewe si kubwa: mashine nyingi hutumia kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na sentimita 10 hukaribia badiliko analolipata dereva akipanda mita 100 kwenye miinuko ya Bonde la Ufa. Dereva humeza mate, masikio yakazibuka. Mwenye mashine hapati nafuu hiyo mpaka aivue barakoa, ndipo ameze. Kubana pua na kupuliza hakumsaidii, maana kunaingiza hewa zaidi.

Sikio ndilo linalouma, lakini chanzo mara nyingi kiko puani. Vumbi la kiangazi, moshi wa kuni, mzio au mafua huvimbisha mlango wa mrija, hewa ikanaswa ndani. Hivyo tiba huanzia puani: kuisafisha kabla ya kulala kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa na kupoa, na kutumia kifaa cha kupasha hewa joto na unyevu, chenye maji yaliyokenekwa, si ya kisima. Daktari anaweza kuandika dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe. Zile za kuzibua pua papo hapo zisizidi siku chache, kwani baadaye huizibisha zaidi. Mwenye shinikizo la damu aulize kwanza.

Mashine nayo hurekebishwa. Nyingi zinaweza kuanza na hewa ndogo na kuiongeza polepole mtu akisinzia. Kuinua kichwa husaidia wengine. Mkanda unaobana sikio hulegezwa, bila kuruhusu barakoa kuvuja. Shinikizo lenyewe hupunguzwa na mtaalamu tu, kwa kuwa likishuka mno koo litaziba tena.

Homa, usaha, kizunguzungu, kusikia kunakopungua au maumivu makali ni sababu za kwenda hospitali bila kuchelewa, na kuuliza kama mashine isimamishwe kwa muda. Mafuta yasidondoshwe sikioni. Ngoma ikiwa imetoboka, huingia hadi sikio la kati.