Ndala za nyumbani: tuzioshe vipi, na kwa nini

Ndala, kandambili, malapa; wasikilizaji wetu wa Kenya wanasema pati-pati au slipa. Kila nyumba inazo, ila kuziosha ni shida. Wengi wetu tukimaliza kuoga tunazimwagia maji kidogo, tunazikung'uta, basi. Maji hayo yanaondoa vumbi la juu tu. Uchafu unaoleta maradhi unakaa chini ya soli, kwenye ile mifereji midogo, na kwenye matundu inakopita kamba.

Katika makala hii tunaeleza ndala hubeba nini, huoshwaje bila kuharibika, na lini ziachwe kuvaliwa.

Ndala inabeba nini

Tuanze na fangasi wa miguu, kwa sababu ndio wanaosumbua nyumba nyingi. Fangasi hupenda joto na unyevu. Ngozi kati ya vidole inalainika, inakuwa nyeupe, inachubuka na kuwasha. Sasa fikiria nyumba yenye ndala jozi moja mlangoni pa bafu: baba anavaa, mtoto anavaa, mgeni anavaa, na hazikauki tangu asubuhi hadi usiku. Mmoja akiwa na fangasi, wote wako njiani kuwapata. Hata yule anayetumia dawa anajirudishia mwenyewe, maana anapaka jioni na asubuhi anakanyaga ndala ile ile mbichi. Dawa ya kupaka inataka uvumilivu, mara nyingi hadi wiki 4, na huku ndala zioshwe na kila mtu awe na zake.

Jambo la pili ni minyoo. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mwenye minyoo, huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli ndani ya siku moja au mbili, na baada ya takribani wiki moja vijidudu vyake viko tayari kuingia kwa mtu anayepita peku. Vikifika tumboni hunyonya damu, na wanaoumia zaidi ni watoto na kina mama wajawazito. Kwa hiyo kwenda chooni na ndala ni jambo jema kabisa.

Tatizo linaanza pale ndala iliyotoka chooni inapoingia ndani na kukanyaga mkeka anaotambaa mtoto. Matope ya kwenye soli yanaweza kubeba mayai ya ile minyoo mirefu ya tumbo, ambayo hukaa hai kwenye udongo kwa miezi mingi. Mtoto anashika mkeka, kisha anatia mkono mdomoni.

Ndiyo maana tunasema ndala za chooni zibaki chooni. Wazee wa pwani walikuwa na mitalawanda, viatu vya mti vya kuvaa nyumbani na bafuni. Leo jozi mbili za rangi tofauti zinatosha: nyekundu za chooni, bluu za ndani, na hata mtoto wa miaka mitatu ataelewa.

Na funza je? Hapa tusidanganyane. Ndala haifuniki vidole, kwa hiyo haimzuii funza vizuri. Penye funza wengi, vaa kiatu cha kufunika na unyunyize maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia.

Namna ya kuosha

Huhitaji maji mengi. Maji yaliyobaki baada ya kufua nguo yanafaa kwa kuanzia, yakiwa bado na povu. Gonga ndala mbili pamoja nje ili matope makavu yadondoke, kisha sugua kwa brashi au dodoki, ukianza na soli. Kwenye matundu na chini ya kamba tumia mswaki uliochakaa, na mswaki huo ubaki wa kazi hiyo tu. Suuza kwa maji safi. Za chooni zioshwe mwisho, na maji yake yamwagwe mbali na kisima na jiko. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Watu wengi wanapenda kuruka kazi ya kusugua na kwenda moja kwa moja kwenye dawa ya klorini, kama Jik. Dawa hiyo haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, na haitegemewi kuua mayai ya minyoo mirefu. Hayo yanaondoka kwa kusuguliwa. Dawa inafaa pale nyumbani pana fangasi, baada ya kuosha. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji, loweka dakika 10, suuza sana. Rangi inaweza kupauka kidogo. Ila usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Fanyia kazi hiyo nje, watoto wakiwa mbali.

Kukausha ni muhimu kama kuosha, pengine zaidi. Usiziache zimelala chini na maji yametuama. Zisimamishe ukutani, soli ikitazama jua la asubuhi, kisha uzihamishie kivulini penye upepo. Ukiziacha juu ya bati mchana kutwa, zile za sponji zitasinyaa na kupinda, na jioni utazikuta namba ndogo kuliko ulizonunua.

Walio kwenye baridi, kama Njombe na Makete, wana slipa za manyoya. Hizo usiziloweke usiku kucha, soli ya ndani huvimba na gundi huachia. Zioshe kwa maji baridi na povu, zikamue kwa taulo bila kuzisokota, zijaze magazeti na zikae penye hewa. Usizikaushe karibu na moto.

Kamba ikikatika

Kwa kawaida kamba huchomoka pale kwenye kidole, na wengi tunachomeka msumari au waya chini. Tunaomba uache. Msumari husogea polepole hadi unachoma mguu, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kuleta pepopunda. Chukua kizibo cha plastiki cha chupa ya maji, kitoboe katikati, pitisha kamba, ikae chini ya soli kama kishikizo. Au mpe fundi viatu aishone.

Mwenye kisukari anahitaji uangalifu wa pekee. Miguu yake inaweza kufa ganzi, akachomwa asisikie, na kidonda kikaonekana kimeshaoza. Kwake kiatu kilichofunika mguu ni bora kuliko ndala. Kila jioni akague nyayo na katikati ya vidole. Kama hawezi kuinama, mjukuu amulike kwa tochi ya simu. Akiona mchubuko, hata usiouma, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Mwisho geuza ndala uangalie soli. Kama mifereji imefutika chini ya kisigino, hiyo itateleza kwenye saruji iliyolowa, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Iondoe bafuni. Usiitumie kuwashia mkaa, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Ikate iwe bawaba ya mlango wa banda la kuku, au wape watoto wachonge magurudumu ya gari lao.